Mchanga wa Pale Alipolala

Gracieuse alikuwa bingwa wa kupanga likizo za watu, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kwenda likizo hata Pietermaritzburg. Alikuwa msusi katika saluni moja ya katikati ya Durban, Mkongomani wa Uvira, na karatasi zake za kuomba hifadhi hazikumruhusu kuvuka mpaka akarudi salama. Lakini kisiwa cha Kos, kule Ugiriki, alikijua kama kiganja chake. Alijua mtaa wa baa zilizobanana ambako muziki hauzimwi mpaka alfajiri, alijua baiskeli za kukodi, ngome ya kale bandarini na pweza walioanikwa kwenye kamba mbele ya migahawa. Vyote hivyo alivikuta kwenye simu akitafuta kitu kingine kabisa. Alikuwa akitafuta makaburi.

Mdogo wake, Elysée, aliwahi kuishi naye Pinetown, nje kidogo ya Durban, katika chumba cha uani, akifanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki mpaka kiwanda kikafungwa. Ndipo kijana akapanda ndege kwenda Uturuki, na huko akaingia kwenye boti ya mpira. Kos na pwani ya Uturuki ni pua na mdomo. Taa za disko unaziona kabisa. Boti ilipinduka huku taa hizo zikiwaka. Mawimbi yakamtupa ufukweni, na mchungaji mmoja Mkongomani aliyeko kule akatuma ujumbe kwamba Elysée amezikwa katika makaburi ya mji. Basi, mchungaji hakupatikana tena kwenye simu, na habari ikaishia hapo.

Kwao, mtu akizikwa ugenini, udongo wa kaburi lake huletwa ukafukiwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Bila hivyo matanga hayaondolewi. Mama yao kule Uvira alikuwa bado analala chini kwenye mkeka, figo zinamwisha, na hakuomba dawa wala chakula. Aliomba udongo wa mwanawe umfikie kabla hajafa. Halafu kuna jambo jingine: ndugu wa marehemu hasuki nywele mpaka matanga yaishe. Kwa hiyo mwanamke huyu aliyewapendezesha wenzake mchana kutwa alishinda amejifunga kitambaa, na chini ya kitambaa kichwa kilikuwa kichaka. Wateja walimtania, naye akacheka nao. Mlitaka afanye nini?

Kati ya wateja hao alikuwepo Scola, Mtanzania, karani wa ofisi ya meli pale bandarini, mwenye domo kubwa na moyo mzuri. Yeye na mashoga zake walitaka likizo ya kisiwani, ila hawakujua kisiwa gani. Mara Mauritius, mara Santorini.

"Santorini ni ya maharusi," Gracieuse akamwambia, vidole havisimami. "Utaangalia jua linazama, kisha unalala. Enda Kos, dada. Kule iko ambiance! Watu wanacheza mpaka asubuhi."

"Eti iko ambiance!" Scola akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Jamani, Kiswahili chenu! Haya, nipe habari."

Akampa. Kila Scola alipokuja kusuka, Gracieuse alimpigia debe la kile kisiwa utadhani analipwa. Akamchagulia hoteli iliyo karibu na muziki, akamwambia ufukwe upi una miamvuli na vinywaji baridi. Akafika hata kwenye kusifia maji, jinsi yalivyo ya bluu na jinsi yanavyoonyesha mpaka chini. Alikuwa akiyasifia maji yaliyomuua mdogo wake, na alijichukia kwa hilo. Lakini hakunyamaza mpaka Scola akakata tiketi.

Siku hiyo ndipo alipoomba. Alikuwa amelipanga ombi lake kwa uangalifu. Kwao, matanga yasipoisha, neno kaburi halitamkwi na ndugu. Husema pale mtu alipolala. Tena hakutaka kuchekwa siku hiyo, akataka aseme kwa Kiswahili cha Scola. Aliwahi kwenda msiba wa Watanzania papo hapo Durban, akasikia kila mtu akiambiwa asogee atie mchanga kaburini. Akaweka akilini kwamba udongo wa mazishi, kwa watu hawa, ni mchanga.

"Dada Scola, mdogo wangu alifia kule, baharini. Naomba uniletee mchanga wa pale alipolala."

Scola akageuka ghafla, rasta zikamchomoka Gracieuse mkononi. "Masikini wee! Na siku zote hizi unanipangia starehe zangu!" Machozi yakamtoka palepale. "Nitauleta. Nitakwenda mwenyewe, hata wenzangu wakikataa."

"Watu wa kule wanajua fasi, mahali penyewe. Uliza tu."

"Nitauliza, dada yangu."

Picha zikaanza kuja. Scola na glasi yenye kimwavuli, Scola juu ya meza anacheza, nywele zimependeza. Gracieuse alizikuza kwa vidole, akatazama nyuma ya vichwa vyao kama ataona msalaba.

Scola aliporudi, alikuja saluni na chupa aliyoifunga kwa skafu mpya.

"Nilimuuliza mhudumu wa hoteli boti za wakimbizi zinatua wapi, akanipeleka," akasema kwa sauti ya chini, yeye asiyejua kusema chini. "Nikavua viatu, nikamsomea Baba Yetu. Nimechota palepale mawimbi yalipomlaza."

Gracieuse akafungua. Ulikuwa mchanga wa pwani, mweupe, na kombe dogo juu yake. Akaelewa mara moja. Scola hakumdanganya wala hakumpuuza. Alitumwa, akafanya kila alichoelewa, tena kwa machozi. Hapakuwa na wa kugombezwa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Merci sana, dada," akasema, akamkumbatia.

Mama yao alizaliwa ukingoni mwa ziwa. Mchanga wa maji angeujua hata gizani, na angejua ni maji gani. Na Papy, jirani yao, alikuwa akijiandaa kusafiri na mizigo kwenda Uvira. Mama alikwisha kuambiwa kwamba udongo unakuja, akawa anamhesabia njia.

Jumapili Gracieuse akapanda taxi mpaka Pinetown, kwenye ua wa zamani. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa akianika nguo. Gracieuse akamwomba udongo kidogo chini ya dirisha.

"Eish, udongo tu, dada? Chukua."

Akachimba kwa kijiko chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala Elysée, udongo mwekundu, akaufunga katika kitambaa safi, akampa Papy.

Siku mzigo ulipofika, mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Gracieuse, ni udongo ya fasi mutoto analala?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni fasi alikuwa analala."

Mama akalia, akashukuru, akamtaja Mungu kwa majina yake yote. Wakaufukia udongo nyuma ya nyumba, wakamnyoa, wakamwinua kutoka mkekani. Alikufa kabla mvua hazijaisha, kitandani kwake, moyo umetulia.

Mama akiwa bado hai, habari kwamba matanga ya Elysée yameondolewa ilikuwa imefika saluni. Scola alikuja na pakiti za rasta, zawadi, akamvuta Gracieuse na kumkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Leo unasukwa wewe!" Akashika fundo la kitambaa.

Gracieuse akamshika mkono. "Bado."

"Bado nini, dada? Kwani ule mchanga haukufika?"

Chupa ilikuwa chumbani kwake, chini ya kitanda, na kombe lake ndani.

"Ulifika," Gracieuse akasema. Akainuka, akakaza kitambaa, akamwita mteja aliyefuata.