Mama Boneti na namba iliyozama kwenye rangi

Saa mbili asubuhi, Mama Boneti ameinama ndani ya gari kiasi kwamba anayepita barabarani anaona gauni, raba na mgongo tu. Kichwa na mikono vimemezwa na injini. Mkono mmoja umeshika kitambaa kilicholowa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi. Mwingine umeshika kijiti cha meno kilichoviringishiwa pamba.

Gari lenyewe ni la michezo, jekundu, la milango miwili, limekaa chini hivi kwamba kuingia ndani ni kama kuketi mkekani. Liko hapa gerejini tangu wiki iliyopita, na halitoki mpaka mkaguzi wa magari aisome namba ya chesisi iliyochongwa kwenye bati nyuma ya injini. Namba hiyo haionekani. Aliyeifunika kwa rangi ni yeye mwenyewe Mama Boneti, kwa mkono wake na kwa nia njema.

"Nilitaka papendeze," anasema bila kuinua kichwa. "Pakapendeza mpaka ikawa kesi."

Mkaguzi ameahidi kupita kabla ya adhuhuri. Mwenye gereji, ambaye ni shemeji yake, naye ameshatoa neno lake: namba isiposomeka leo, Mama Boneti akusanye ndoo zake aondoke.

Mama huyu aliingia gerejini hapa baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa mdogo wa mwenye gereji. Alipewa kona ya nyuma, penye bomba la maji, afue ovaroli za mafundi. Anayezijua ovaroli za mafundi anajua kwamba hapo hakupewa kazi, alipewa adhabu. Lakini ndiko alikojifunza tabia za grisi: ipi inatoka kwa sabuni, ipi inataka mafuta ya taa, na ipi inataka subira.

Siku moja akaomba aisafishe injini iliyokuwa imesimama bure. Mafundi wakacheka. Ilipokauka waliacha kucheka, na jina la Boneti likamganda tangu hapo. Leo kona hiyo inasomesha watoto wake wawili.

Wateja wake wengi ni wenye magari ya michezo yaliyozeeka. Hao ni watu wa aina ya pekee. Mwenye gari la kawaida hufungua boneti likimharibikia. Hawa hufungua ili watu waone. Tatizo ni kwamba mapambo ya dukani ni ghali, na wengi mapenzi yao yamewazidi mifuko.

Hapo ndipo mama anapoingia na vitu vyake vya jikoni. Kwanza huacha injini ipoe kabisa, kisha hutoa waya wa betri. Koili, oltaneta na mdomo wa kuvutia hewa huvishwa mifuko ya plastiki na kufungwa vizuri, kwa sababu maji yakiingia humo, gari litaondoka kwa kusukumwa. Grisi huipiga kwa brashi na mafuta ya taa, pembeni hutumia mswaki mkuukuu, halafu sabuni ya vyombo na kitambaa. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu hataki hata kuisikia.

Nyaya zilizotawanyika kama nywele za aliyetoka usingizini huzikusanya, akazizungushia utepe wa kitambaa na kuzibana kwa vibanio vya plastiki. Mabomba ya mpira huyapaka gliserini. Bati la kibao cha zamani cha duka hulikata, akalikunja na kulipiga msasa, likawa kava la betri ambalo mtu angeapa limetoka kiwandani. Kava la juu la injini hulipaka rangi ya kuhimili joto. Aliwahi kutumia rangi ya kawaida akitaka kubana matumizi. Injini ilipopata moto ikafuka moshi, na mwenye gari akaruka nje akiwa na kiatu kimoja.

Basi alipoletewa gari hili jekundu alilifanyia yote hayo. Mwenye gari ni mzee mstaafu, zamani mwalimu wa udereva, anayeliuza kwa sababu magoti yake yamekataa kumtoa kitini. Alitaka lipendeze mbele ya mnunuzi. Nyuma ya injini, chini ya bomba la breki, Mama Boneti alipapasa bati akakuta mikwaruzo. Akadhani kutu imelila. Akapaka rangi nyeusi, akarudia, akarudia tena mpaka pakawa laini kama sahani.

Magari mengi aliyoyazoea namba zao ziko mahali pengine, kwa hiyo hakushtuka. Aliyeshtuka ni mkaguzi, aliyekuja kulikagua kabla halijauzwa. Kwake yeye namba iliyofunikwa kwa rangi mpya ni dalili ya wizi. Aliwaambia kwamba atarudi kuisoma, na akikuta hata tarakimu moja imekwanguliwa, faili litakwenda polisi.

Mzee wa watu alikuja mbio na msasa akitaka kuikwangua rangi. Mama Boneti akamnyang'anya. Msasa ungeng'oa rangi na kula kingo za namba, na hapo ndipo wangefungwa wote wawili. Rangi yake ni ya kupuliza, anaeleza, na rangi ya kiwandani iliyo chini yake iliokwa kwa joto ikakomaa. Tina ikigusishwa kidogo tu na kufutwa upesi, ya juu inalainika na ya chini inabaki.

Saa nne na nusu mkaguzi anafika, mtu mwembamba asiye na salamu ndefu. Anaweka karatasi juu ya bati na kuipitishia penseli kwa ubavu. Tarakimu zinajitokeza moja baada ya nyingine. Ya mwisho inakataa. Haijulikani kama ni tatu au nane.

Mzee anakaa juu ya tairi. Shemeji mtu anatazama kando. Mama Boneti anaomba nafasi, anachovya kijiti, anakizungusha taratibu ndani ya mchoro huo mdogo. Kisha anafuta na kurudi nyuma.

Penseli inapita tena. Ni tatu.

Mkaguzi analinganisha na kadi ya gari, anaangalia kingo kwa tochi, anatia sahihi. "Gari halina neno," anasema. "Fundi wenu ndiye kazidisha mapambo."

Gereji nzima inapumua. Mzee anamshika mama mikono miwili. Shemeji naye anarudi na tabasamu, anamwambia yamekwisha, kona ni yake, aendelee tu na kazi.

Mama Boneti anakausha mikono kwanza. Anamshukuru kwa kumpokea wakati ule mgumu, na anasema shukrani hiyo haitakwisha. Halafu anamweleza kwamba kuna stoo tupu jirani na fundi wa matairi, ina mlango wa kufunga na bomba lake, na mwezi ujao anahamia huko.

"Shemeji, nguo ya kuazima haisitiri matako," anasema. "Nataka mahali ambapo nikikosea, nitanuniwa na mteja tu, sitafukuzwa. Wiki hii nzima nimelala nikiwaza nitawaambia nini watoto, kwa kosa la rangi tu."

Shemeji anajua alilisema neno lile la kumfukuza, na anajua limesikika. Anauliza, kwa sauti ya chini, magari ya hapa sasa yatasafishwa na nani.

"Utaniletea," Mama Boneti anamjibu, akiinua ndoo yake. "Utapanga foleni kama wenzako."