Siku Baba Mkwe Alipojifunika Macho

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ilikuwa siku ya mvua kubwa huku kwetu Katumba Songwe. Nilikuwa mkamwana mgeni, hata jiko la mama mkwe lilikuwa halijanizoea. Utanicheka, maana nyie wa leo mnakaa sebuleni na wakwe zenu mnatazama televisheni. Zamani zetu, mkamwana wa Kinyakyusa hakumtazama baba mkwe. Nikimsikia anakohoa njiani, naacha njia, naingia kwenye migomba na kuinama mpaka apite. Kuzungumza naye ndiyo usiseme. Jina lake hata leo silitamki, na amezikwa siku nyingi.

Baba mkwe huyo alikuwa katekista. Padre alifika kwetu kwa nadra, kwa hiyo Jumapili yeye ndiye aliyetuongoza kusali, nami nilijibanza nyuma ya akina mama wanene, nikisikia sauti tu. Imani yangu niliikuza kwa sauti ya mtu nisiyemjua uso.

Basi siku hiyo mume wangu na mama yake walikuwa wamekwenda msibani Ndandalo. Huku nyuma mto Songwe ukafurika, maji yakakata njia. Nyumbani tukabaki wawili, mimi jikoni, baba mkwe nyumba kubwa. Asubuhi nikasikia homa inamtetemesha mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mchana kitanda kikanyamaza, na yeye akaanza kuita maji. Hakuniita mimi. Aliita tu, kama mtu anayejua hakuna wa kuitika.

Nikachanganyikiwa. Kuingia ni kumvunjia mzee heshima na kujiletea maneno ya ukoo mzima, pengine hata kurudishwa kwetu. Kutoingia ni kumwacha afe. Nikafanya lililo rahisi: nikachukua rozari, nikapiga magoti kwenye tope nje ya ukuta wake, nikasali kwa machozi kabisa.

Ng'ambo ya kijito, ambacho siku hiyo hakikuwa kijito tena, aliishi Bibi Tusajigwe, kiongozi wa jumuiya yetu. Aliponiona akapaza sauti kuuliza kuna nini. Nikamweleza, nikamwomba atafute mwanamume wa kuvuka.

"Nani atavuka haya maji?" akasema. "Mzee anataka nini?"

"Maji ya kunywa, bibi."

"Na wewe unafanya nini hapo?"

"Namwombea."

Akanyoosha kidole kwenye rozari yangu. "Umeomba vya kutosha. Mungu ameshakuleta wewe, sasa unamwomba amlete nani? Vaa hiyo rozari shingoni, ushike kikombe."

Niliingia nimejigubika kanga, natembea kinyumenyume, maji yanamwagika miguuni. Hebu fikiria, mtu anampelekea mgonjwa maji kwa mgongo. Nikagonga kigoda, nikakiangusha, na hapo mzee akajua ni nani. Nikasikia kitanda kinalia, nikadhani anataka kunifukuza. Kumbe alikuwa anavuta shuka. Nilichungulia kwa pembe ya jicho, nikamwona analivuta polepole, akajifunika macho yake mwenyewe, akabakiza mdomo tu.

Siku zote kujificha kulikuwa kazi yetu wanawake. Leo mzee mzima, katekista, amejificha yeye ili mimi nipate kutembea nimenyooka. Nikageuka, nikamwinua kichwa, akanywa. Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini mle ndani nilisikia ule utulivu wa kanisani padre anapoinua hostia. Nikapiga magoti. Kama nilimpigia mgonjwa au nilimpigia Mungu, mpaka leo sijui.

Nilimkanda kwa maji, nikampikia uji wa mchele, nikamlisha kijiko kwa kijiko. Shuka halikutoka machoni. Alipomaliza akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe: "Ndaga fijo, mwanangu." Yaani asante sana. Hakusema mkamwana.

Maji yalipopungua, mume wangu na mama yake wakarudi, na minong'ono ikaanza kijijini kwamba mkamwana ameingia kwa mkwe wake. Baba mkwe hakumjibu mtu. Alingoja Jumapili alipopata nguvu, akasimama mbele ya waumini, akasema kwamba alipokuwa mgonjwa Bwana alimtembelea nyumbani, amejifunga kanga. Kisha akaendelea na sala. Nami kule nyuma nikalia kama mtoto, na hakuna aliyenong'ona tena.

Mwanangu, sali. Rozari hii imekatika mara nyingi na nimeiunga kwa uzi wa nyavu, sitakudanganya kwamba inaweza kuachwa. Lakini ukisali ukasikia mtu anaita maji, inuka, sala yako imejibiwa na jibu ni wewe. Usiogope maneno ya watu, yana miguu mifupi mbele ya kazi iliyofanyika. Na siku utakayosaidiwa wewe, usimwaibishe aliyekuja. Hilo ndilo gumu zaidi, na wengi wetu hatuliwezi.

Mungu akupe masikio yanayosikia hata nyuma ya ukuta. Akupe mikono isiyosita. Na utakapolala kitandani bila nguvu, aingie mtu na kikombe, nawe uwe na shuka la kumsitiri.