Tone Lililosimama Shavuni

Mdogo wetu wa mwisho alikataa chupa. Ukimwekea chuchu mdomoni aliisukuma kwa ulimi, akageuza uso, akalia kilio chembamba kama cha mtoto wa paka. Mama tulikuwa tumemzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba, pembeni mwa kaburi la baba. Mimi ndiye kaka mkubwa, na nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nyumba yetu ya Nyakakika isifungwe. Aliyenifuata, msichana, nilimtaka aendelee kusoma. Na huyo mchanga nilimtaka abaki nasi.

Siku ya kuanua matanga, shangazi yetu wa Muleba, ambaye ni mfanyabiashara wa vitenge, alisema atamchukua. Hakusema kwa ubaya.

"Baba, wewe mwenyewe bado mtoto. Huyu atakufia mikononi."

"Niachie kwanza, shangazi. Ukirudi ukamkuta hana nafuu, mchukue."

Alimgusa mtoto shavu. Ngozi ilikuwa imekaza juu ya mfupa.

"Nitarudi mwisho wa mwezi," alisema. "Nikiyakuta mashavu yameingia ndani hivi, sitakuuliza tena."

Muuguzi wa zahanati alinifundisha kuchemsha maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo. Nilijaribu, yakampalia, nikaogopa kikombe kama nilivyoogopa chupa. Ndipo bibi jirani, aliyekuwa akitugawia maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi, akasema zamani mtoto asiyejua kunyonya alinyweshwa kwa jani la mgomba, tone kwa tone.

Nikaingia migombani. Kwetu mgeni akija, chakula chake hupakuliwa juu ya jani bichi, pana, linalong'aa, lisilo na mpasuko. Nikalichagua la namna hiyo, la mgomba mzuri kuliko yote, nikalikata kipande, nikakisuuza kwa maji yaliyochemshwa, nikakikunja kidogo katikati. Nilipoweka maziwa juu yake, tone lilisimama duara kama shanga. Nikainamisha jani kidogo tu. Tone likakimbia lote kwa mkupuo, likampiga mtoto puani, akapiga chafya na kuanza kulia.

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hilo jani umemkatia padri. Huyu si mgeni, mjukuu wangu, huyu ni wa nyumbani. Libabue."

Kubabua jani nilijua, maana ndivyo tunavyoyalainisha majani ya kufunikia ndizi chunguni. Unalipitisha juu ya moto, rangi inageuka kijani cha giza, ule mng'ao unayeyuka, na jani linakuwa legevu kama kitambaa. Nikalibabua, nikalipoza, nikaweka tone la maziwa.

Safari hii halikukimbia. Lilikaa, likatanuka kidogo, likajibonyezea mahali pake, kama mtu anayeketi kwenye godoro. Nilipoinamisha, likaanza kwenda polepole, na kile kibonyo kikaenda nalo. Nikigusa jani kwa kidole upande wa chini, mbele ya tone, lilisimama. Nikiondoa kidole, liliendelea. Nikawa naweza kumngojea mtoto ameze kwanza.

Nilijifunza pia kuhusu midomo yake. Ikiwa mikavu, tone lilijikusanya juu yake, likateleza hadi kidevuni. Kwa hiyo nilianza kuilowesha kwa ncha ya kidole, na tone lililofuata lilitandaa lenyewe na kuingia ndani. Akaanza kulamba. Baadaye akawa anafungua mdomo kabla jani halijafika.

Nilikuwa nakaa naye mlangoni kwa sababu ya mwanga. Vijana waliokuwa wakipita na magunia ya kahawa hawakuniacha.

"Shikamoo, mama mzazi!"

Mdogo wangu wa kike, akimenya ndizi, aliwajibu bila kuinua kichwa.

"Marahaba, wanangu. Njooni na nyinyi muogeshwe, mnanuka."

Walicheka. Siku nyingine mmoja wao alituletea kuni.

Shangazi alirudi kama alivyosema. Alikuja na kitenge kipya cha kumbebea mtoto na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kwa ajili ya safari. Tukamwamkia. Hakuuliza habari nyingi, alivuta kigoda akakaa.

"Mnyweshe, nione."

Nikaliinamisha jani. Tone la kwanza liliingia vizuri, la pili pia. La tatu lilitoka kando ya jani, likamwangukia shavuni. Nililijua tone hilo na njia yake: tangu mwanzo, yaliyomdondokea pale yaliteremka moja kwa moja mpaka sikioni, na nilikuwa na kitambaa cha kuyapokea. Nikakitafuta kitambaa.

"Ngoja," shangazi alisema.

Tone halikuteremka. Lilitambaa kidogo, likapunguza mwendo, likasimama katikati ya shavu, limejizamisha kwenye ulaini wake. Mtoto alimeza, shavu likatikisika, nalo likatikisika papo hapo bila kuondoka. Nilikuwa nimemtazama kila siku, na kwa sababu ya kumtazama kila siku sikuwa nimeona kwamba shavu lilikuwa limejaa.

Shangazi alilifuta kwa kidole gumba, taratibu, akabonyeza kidogo. Shavu likarudi juu. Akabonyeza tena. Macho yalimlowa, mdogo wangu wa kike amesimama nyuma yake na kisu cha kumenyea mkononi.

"Kababue jani jingine," shangazi alisema mwishowe. "Hilo limeanza kukauka."

Nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa amemimina yale maji ya safari kwenye beseni, ameyapoza, anamwogesha mtoto, anamwimbia kwa Kihaya. Alimnywesha yeye mwenyewe kwa lile jani jipya, mpaka mtoto akasinzia.

Alipomaliza aliniambia nigeuke. Nikainama. Akamweka mtoto mgongoni kwangu, akatuzungushia kitenge kile kipya, akafunga fundo kifuani, kisha akalivuta kuhakikisha limeshika.