Mguu wa Kulia Mbele

Chabani muuza vitenge alikuwa bingwa wa ngumi kweli, si wa kujipachika. Alipigana Kalemie, Kigoma na Bujumbura, na siku aliyovuka mpaka na mkanda kiunoni, watu walimsindikiza toka forodha ya Kavimvira hadi mlangoni kwao Uvira. Baadaye biashara ikampeleka Kalemie, akakaa huko miaka mingi. Aliporudi Uvira mwaka huu, alikuta kuna klabu ya ngumi yenye jina lake. Kichwa kilimvimba, tusifichane.

Alikwenda kutazama mazoezi, na huko ndiko alikochanganyikiwa. Kila mtoto alisimama mguu wa kulia mbele, ngumi ya kushoto ikingoja nyuma. Hivyo husimama mashoto, na hapa ni wote! Tangu lini mji mzima ukazaa mashoto watupu? Akafikicha macho, akatazama tena.

"Pontien," alimwita mwalimu wao, "hawa batoto bote iko ba mukono wa kushoto?"

"Hapana, Papa Shampioni. Tunabafundisha ngumi yako."

Ngumi yake! Kabla ya pambano la mkanda alianguka na pikipiki Katogota, bega la kulia likaharibika. Akautanguliza mkono mbovu kujikinga, wa kushoto ukabeba kazi yote. Alishinda, bega halikupona, akabaki hivyo hivyo. Sasa watoto wenye mabega mazima wanaiga jeraha lake. Acheke au alie? Hakujua.

Tena kulikuwa na Kankindi, binti wa wakulima wa mpunga wa Sange, aliyekuwa akijiandaa kupigana Bujumbura Jumapili. Mkono wake wa kulia ulizoea jembe. Wa kushoto haukuweza kumwangusha hata kuku. Msichana aliyemtangulia alisimama hivyo, akarudi na taya limevunjika. Hofu ikamshika Chabani, akaeleza habari ya bega lake mbele ya wote.

Pontien akacheka. "Papa, uko unatupima. Iko siri, hautaki tuijue."

Chabani akapanda ulingoni aonyeshe jinsi mabondia wengine wanavyosimama, mguu wa kushoto mbele. Miguu ikamgomea, ikarudi yenyewe kulia mbele, watoto wakashangilia. Akasita. Labda wao ndio wanaojua? Labda yeye hakuwahi kuielewa ngumi yake mwenyewe?

Kankindi hakushangilia. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, minye nikisimama kama weye, naogopa. Ku nyumba nasimamaka namna ingine."

"Nionyeshe."

Kankindi akageuza miguu, wa kushoto mbele, akapiga gunia la mazoezi kwa mkono wa kulia. Gunia likaruka, Pontien akakimbilia kulishika.

"Nifuate yako ama yangu?" Kankindi akauliza.

Chabani akapiga hesabu. Kankindi akishinda namna hii, hakuna atakayesema ile ni ngumi ya Chabani. Jambo hilo lilimuuma, na hakuelewa kwa nini limuume kiasi kile, wakati alichotaka ni msichana arudi salama.

"Yako, mutoto yangu," akasema. "Ile yangu ilikuwa maumivu tu."