Kiuno cha Wakala wa Bima

Katika miaka ishirini na mitatu ya kushona, Mama Pindo hakuwahi kutaja kipimo cha mteja kwa sauti. Alizungusha tepu kiunoni, akamnong'oneza fundi mwenzake namba, na mwenzake akaiandika kwenye daftari lenye jalada la kitambaa. Watu walimpendea hilo kuliko hata ushonaji wenyewe. Mwili wa mtu, alisema, ni siri ya mtu.

Mpwa wake alipomwekea programu ya afya kwenye simu, ya bure, ya kuhesabu hatua, ikamuuliza uzito, usingizi na sukari. Alijibu yote kwa uaminifu. Alidhani simu nayo inajua kunong'ona.

Kisha jicho lake la kulia likaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Akaenda kuhuisha bima aliyoilipia miaka tisa. Wakala, kijana mcheshi ambaye suruali zake zote alizishona Mama Pindo, akatazama kompyuta na kutikisa kichwa.

"Mama, huku inaonyesha sukari yako inapanda tangu mwaka jana. Hatuwezi kuendelea na wewe."

"Nani kawaambia? Hata mume wangu hajui!"

"Programu yako. Ulidhani mwenye programu anakula hewa? Anaweka matangazo, anatoza ada wanaotaka mazoezi ya ziada, na taarifa zenu anatuuzia sisi. Ulibonyeza 'nakubali', mama." Akacheka. "Si unajua, mficha maradhi kifo humuumbua."

Kile kicheko ndicho kilichomkaa kooni. Kwa wiki tatu alishona kwa jicho moja, akitunga uzi kwa kubahatisha, akisubiri. Kampuni ile ilishonesha sare kwake kila mwaka.

Wakaja watu kumi na mmoja, na meneja wao, mama mnene mwenye mkoba mkubwa. Wakala akawa wa kwanza kuinua mikono.

"Kiuno," Mama Pindo akapaza sauti hadi barabarani, "arobaini na tatu!"

Kalamu ya mwenzake ikabaki hewani.

"Mama, taratibu basi..." wakala akasihi.

"Mwaka jana thelathini na saba! Andika, dada: tumbo limepita kifua. Tena ile sare ya mwaka jana nilimwongezea kipande nyuma, akaniomba nisimwambie mtu."

"Kumbe ndiyo maana koti halivuliwi hata kwenye joto!" mmoja akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Hizo ni siri zangu, mama!"

"Zangu ziliuzwa, mwanangu. Zako nazitoa bure. Mficha kitambi, suruali humuumbua."

Akamgeukia meneja, tepu mkononi. "Karibu, bosi. Leo sauti imenifunguka."

Meneja akaushusha mkoba mbele ya tumbo. "Unataka nini, mama?"

"Jicho langu."

Barua ya kurudisha bima iliandikwa na kutiwa sahihi palepale, juu ya meza ya kukatia. Kisha meneja akapimwa kwa mnong'ono.

Jicho likapasuliwa mwezi uliofuata. Wakala akahamia kwa fundi mwingine, na wateja wanne wa siku nyingi wakamfuata, maana walisikia kwamba kwa Mama Pindo vipimo vinatangazwa.

"Jina la miaka ishirini na mitatu umelitupa kwa kiuno cha mtu mmoja," mwenzake akamlaumu. "Barua ungeweza kuiomba kwa upole."

Mama Pindo akatunga uzi kwenye sindano, safari hii mara moja tu.

"Jicho lilikuwa haki yangu, dada," akasema. "Kile kiuno kilikuwa bakshishi."