Alipoomba Twende Karibu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Leo nimewasikia pale barazani, wewe na binamu zako, mkipanga safari zenu za baiskeli za likizo hii: kesho bwawani, keshokutwa upande wa bandari, Jumamosi njia ya msituni. Mmejaza ramani kwenye simu, mnacheka, mnabishana nani atatangulia. Nilikuwa jikoni nakata pondu, yale majani ya muhogo, na kisu kikanisimama mkononi. Maneno yale yale niliwahi kuyasikia katika nyumba hii hii. Aliyeyasema ni baba yako, na aliyekaribia kuyalipia kwa roho yake ni babu yako Ramazani.

Baba yako hawezi kukusimulia. Akijaribu, anatoka nje anajifanya anakagua paa. Basi nitasimulia mimi shangazi yako, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Babu yako alikuwa mtu wa toleka. Ninyi mliozaliwa Kinshasa mnaziona toleka chache tu siku hizi, kwa sababu pikipiki zimewachukua wateja, lakini wakati ule mji huu ulitembea juu ya magurudumu hayo: baiskeli nyeusi nzito, kiti cha sponji juu ya keria ya nyuma, abiria mmoja, wakati mwingine wawili. Babu yako aliwabeba makarani wa Makiso, katikati ya mji, na mafaili yao, akawabeba akina mama wa soko na vikapu vyao, akawabeba wajawazito waliokuwa wanakwenda kujifungua. Wenzake walipofika kwenye mpando, njia inapopanda kilima, walimwomba abiria ashuke atembee kidogo. Babu yako alikataa katakata kumshusha mtu. Aliinama, mishipa ya shingo ikamtoka, na abiria akafika juu amekaa kama chifu.

Miguu ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Kwa hiyo sisi watoto wake tulikuwa na ujinga wetu wa pekee, ambao mtoto wa karani hawezi kuwa nao. Tuliamini kwamba miguu ya Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, haiishi. Tulikuwa tumelala juu ya mgongo ule tangu utoto, tukipelekwa shule, tukipelekwa msikitini sikukuu, na hata siku moja hatukujiuliza kama mgongo wenyewe unaumwa.

Sasa baba yako, Saidi, alikuwa amepata kazi Kinshasa. Mwaka ule alipata likizo yake ya kwanza, akaja kwa mashua na baiskeli tatu za milima, zile zilizotumika Ulaya, matairi yenye meno, gia nyingi, rangi za kung'aa. Moja yake, moja ya Papa, moja yangu. Mimi nilikuwa msichana bado niko nyumbani. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mzee mmoja jirani aliuliza hiyo milima tutaitoa wapi hapa Kisangani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Saidi alikuwa na mpango. Kila asubuhi baada ya sala tungetoka kwa safari fupi, kabla jua halijawa kali, halafu turudi kunywa chai pamoja. Aliona wafanyavyo watu wa huko alikokuwa, familia inatoka kujinyoosha. Kwetu lilikuwa jambo geni. Mtu kupanda baiskeli bila abiria wala mzigo, aende mahali asipokuwa na haja napo, kisha arudi! Majirani walitusimamisha kutuuliza mgonjwa ni nani.

Siku ya kwanza Papa aliizunguka ile baiskeli yake mpya, akabonyeza tairi, akatazama nyuma ya kiti.

"Iko muzuri sana," alisema. "Lakini mutu atakaa wapi?"

"Papa, hii ni ya mutu moja tu," Saidi alimjibu. "Iko ya sport. Sasa ni zamu yako ya kufurahi."

"Bon. Lakini leo tuende karibu. Mupaka ku daraja, turudie."

"Papa, weye! Ulibeba Kisangani muzima, leo unaogopa daraja?"

Tulicheka, na Papa naye akacheka. Tulikwenda mpaka darajani, tukasimama kutazama maji ya mto Tshopo, na Saidi akasema tusogee mbele kidogo. Tukasogea. Siku ya pili Papa alisema tena tuende karibu, na tena tukamtania, na tena tukasogea mbele. Nikueleze ukweli, yeye mwenyewe alikuwa akitangulia. Ungemwona ungesema ni kijana.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha na njia zilikuwa na matope. Saidi alitaka tuvuke daraja tushike barabara ya udongo inayoelekea Yangambi, mpaka vijiji vya kwanza tu. Papa alikuwa ameinama mlangoni anafunga viatu. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji. Akasema, bila kuinua kichwa, "Saidi, tuende karibu." Mama alikuwa amesimama nyuma yake na birika mkononi. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona, nikadhani anataka kutuuliza habari ya mkate.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Watoto wa vijijini walitukimbilia, matope yalituruka mpaka usoni, Saidi akapiga mayowe kama mtoto. Tukageuka. Kuna mpando kabla ya kuufikia mto tena, si mrefu, ungeupita wewe huku unaimba. Nilikuwa nyuma. Nilimwona Papa anashuka kwenye baiskeli.

Mwanangu, nilisimama hapo hapo. Sikuwahi kumwona babu yako akishuka kwenye mpando. Halafu akailaza baiskeli chini, kwenye matope. Mtu ambaye aliifuta baiskeli yake kila jioni kabla hajajifuta mwenyewe, akaiangusha kama kuni. Akakaa kando ya barabara, mkono kifuani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu.

Saidi alikuwa ametangulia, akarudi mbio huku bado anacheka. "Papa, unatuchezea?"

Papa alimtazama. Midomo ilikuwa mikavu. "Mutoto yangu," alisema, "nibebe."

Sijui nikuelezeje. Afadhali angepiga kelele. Nilimwona baba yako anageuka kuitazama baiskeli yake, kisha yangu, kisha ile iliyolala kwenye matope. Tatu, nzuri, za kung'aa, na hakuna hata moja yenye mahali pa kumkalisha mtu. Alizunguka baiskeli yake kama mwendawazimu, akishikashika nyuma ya kiti, kana kwamba keria ingeota. Kisha akapiga magoti akajaribu kumbeba Papa mgongoni, akateleza, wakaanguka wote wawili. Nilisikia sauti ya mtu anapiga mayowe na sikujua kwamba ni mimi.

Aliyetuokoa ni kijana wa toleka aliyekuwa anashusha makala, yaani mkaa wa kupikia, mjini, magunia mawili yamefungwa nyuma yake marefu kumpita. Hakuuliza maswali mengi. "Iko na nini, huyu mubaba?" Akakata kamba, magunia yakaanguka kwenye majani, akaisimamisha baiskeli na kusema, "Mupandishe! Weye dada, kaa nyuma yake, umushike."

Nikakaa nyuma ya Papa, nikamzungushia mikono. Kichwa chake kilinilalia begani, kizito. Chini ya viganja vyangu moyo wake ulikuwa unakwenda vibaya, unaruka, unasimama, unaruka tena. Yule kijana aliinama akakanyaga, na baba yako alikuwa nyuma yetu anasukuma kwa mikono yote miwili, anakimbia kwenye matope, analia kwa sauti, mtu mzima na likizo yake. Kila ule moyo uliposimama, na mimi nilisimama kupumua. Tulivuka daraja hivyo, watu wakitupisha.

Pale zahanati muuguzi alitoka, akamtazama Papa, na mshtuko wa pili ukatupata.

"Huyu si Papa Ramazani? Nani alimupandisha kinga? Sisi tulimukataza baiskeli! Moyo yake iko na ugonjwa, anajua!"

Alijua. Mwanangu, alijua, na miezi ilikuwa imepita tangu aambiwe. Waliniondoa kando, wakamlaza, wakamtia dawa, na mimi na baba yako tukabaki ukutani tunatazamana kama watu waliomwagiwa maji. Ndipo Mama akaingia, ameletwa na habari za barabarani, kitenge kimefungwa upande. Nilimrukia, Mungu anisamehe.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Alinilapisha kwa Mungu nisiwaambie. Alisema, mutoto ametoka Kinshasa na furaha yake, miye nitamuambia nini? Alisema atawaomba muende karibu tu, donc hakuna shida."

Kisha akamgeukia Saidi. Nilingoja amchape kwa maneno, kwa maana bibi yako alikuwa na ulimi, mnajua ninyi mliomkuta. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Saidi, leo asubuhi alikuambia nini?"

"Alisema tuende karibu, Mama."

"Na jana?"

"Tuende karibu."

"Na siku ya kwanza?"

Baba yako aliteremka na ukuta mpaka akakaa sakafuni.

"Bon," alisema Mama. "Alikuwa anakuambia."

Mimi mpaka leo nikimsikia mtu anajitetea kwamba hakuambiwa, nasikia sauti ile ya Mama pale zahanati.

Mungu alimrudisha. Jioni ilipokaribia alifungua macho, akatutazama mmoja mmoja, na maneno yake ya kwanza hayakutuhusu kabisa. Aliuliza, "Ule kijana, makala yake mulimurudishia?" Tulikuwa tumeyasahau kabisa magunia ya watu kwenye majani. Baba yako aliinuka akaenda kuyatafuta, na nadhani alishukuru kupata kazi ya kufanya. Aliyakuta, yule kijana naye amerudi anayafunga, wakayaleta mjini pamoja.

Lakini lililonishtua kuliko yote lilikuja kesho yake. Saidi alikaa pembeni ya kitanda akamshika Papa mkono, akasema maneno mengi ya kuomba radhi, mengine ya Kifaransa, kwa jinsi alivyochanganyikiwa. Papa alimwacha amalize. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Nimechoka, Saidi. Nimechoka tangu zamani."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Alikuwa ameolewa na mtu yule tangu usichana, na aliniambia baadaye kwamba lile neno alikuwa hajawahi kulisikia kinywani mwake. Mtu wa toleka halisemi. Akilisema, abiria anashuka na kupanda ya mwenzake, na watoto wanalala njaa. Alikuwa amelimeza miaka yote ile, na alipoacha kazi alikuwa amekwisha kusahau namna ya kulitema. Badala yake alijifunza kusema twende karibu.

Aliishi nasi miaka mingine, Alhamdulillahi, mpaka akakubeba wewe ukiwa mchanga, ingawa hukumbuki. Hakupanda tena baiskeli. Alitembea mpaka msikitini na kurudi, na baba yako alipokuja likizo alitembea naye, polepole, hatua kwa hatua, bila kumwambia wasogee mbele.

Sasa nasaha yangu, na sikiliza vizuri kwa maana sipendi kurudia. Pangeni safari zenu. Likizo ni neema na miguu mmepewa muitumie. Lakini safari ya familia haipimwi na mwenye nguvu, inapimwa na aliye nyuma. Mtu akikuomba mwende karibu, usimtanie, usimkumbushe alivyokuwa zamani, na usimlazimishe akupe sababu, kwa sababu wengine sababu zao haziwezi kupita kooni. Geuza baiskeli. Mlichokosa kukiona mtakiona siku nyingine. Ukiwa wewe ndiye unayeumwa, liseme jina la ugonjwa wako kwa sauti, hata kama aliye mbele yako amekuja na furaha yake kutoka mbali. Furaha yake itapona haraka kuliko moyo wako. Wala usimwapishe mwenzio akufichie, maana unamtwika mzigo ambao hana pa kuutua.

Nami nianze kuufuata ushauri wangu mwenyewe, nisiwe mtu wa kusema tu. Jana uliniambia, shangazi, Jumamosi utakuja nasi, nikacheka nikasema tutaona, labda mahali pa karibu. Nilijisikia ninavyosema, na nilishtuka mwenyewe. Basi nakuambia wazi: daktari ameniambia shinikizo la damu yangu liko juu, na goti la kushoto halikunjiki tena vizuri. Hata baba yako hajui, leo utamwambia, mbele yangu. Nitakuja nanyi kwa miguu mpaka darajani, nitakaa nitazame maji, na ninyi mtakwenda mkanikute hapo mkirudi. Haya, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu awape magoti mazima na njia kavu, awape masikio ya kusikia neno dogo, na asiwaache kamwe mkarudi nyumbani pungufu ya mlivyotoka.