Sarafu Juu ya Injini ya Evert

Evert Hallbäck alikuwa na mke mmoja, nyumba moja ya mbao nyekundu, na gari moja la zamani lenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja kama watoto wanaongoja kunawa mikono. Injini ya lita tatu, kabureta mbili, na utulivu wa ajabu. Kila mkesha wa sikukuu ya kiangazi, majirani wa kijiji cha Järvsö wakiwa bado na viazi vipya na samaki wa chumvi midomoni, Evert alifungua boneti, akawasha injini, akasimamisha sarafu ya krona juu ya kifuniko chake. Si kuilaza, kuisimamisha kwa ukingo! Injini inazunguka na sarafu imetulia tuli. Watu walishangaa kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuiona.

Mwaka jana sarafu ilianguka. Mwaka huu Evert alipoijaribu kabla ya sikukuu, ikaanguka tena, ikabiringika hadi miguuni pa mkewe, Gun-Britt, aliyekuwa akichuma majani ya bizari.

Evert hakukaa bure. Alibadilisha gia ya mbele ya injini, iliyoundwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa badala ya chuma, ambayo ikizeeka hung'oka meno na kukuacha barabarani. Akapima valvu. Akaikagua silinda ya sita, ya nyuma kabisa, inayopenda kupata joto kuliko wenzake. Mwisho akazirudia kabureta. Kila moja hulisha silinda tatu, na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka. Alizisawazisha kama siku zote: ncha moja ya bomba la mpira mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni, akisikiliza mvumo. Akasema ziko sawa. Sarafu ikaanguka.

Basi akamwita Rune, jirani aliyelimezea mate gari lile tangu ujana, aje alichukue. Injini imechoka, alimwambia.

Gun-Britt alijua kilichochoka ni nini. Evert alikuwa ameendesha lori la magogo maisha yake yote, dirisha wazi, na siku hizi akiulizwa kama anataka kahawa, alijibu kwamba mvua haitanyesha. Lakini kila mkewe alipogusia masikio, aliambiwa yeye ndiye anayenong'ona, na mtu huchoka kugombana.

Rune akaja na shati la kanisani. Akalizunguka gari, akipiga teke magurudumu kidogo kidogo. Evert naye alikuwa akilipapasa ubavuni kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Gun-Britt alipouona mkono ule, aliweka chini birika la kahawa, akauchukua mpira.

"Washa," akasema.

"Nini?"

"Washa, mzee. Leo sinong'oni."

Akasikiliza kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, akaanza kucheka. "Ya mbele inakoroma kama wewe usingizini. Ya nyuma inapumua kama paka."

Evert akampokonya mpira. Akasikiliza huku, akasikiliza kule, akarudi huku. Rune akajifanya anatazama ndege.

"Hakuna kitu humu," Evert akasema taratibu.

"Kimo. Ni wewe tu hukisikii."

Evert akamrudishia mkewe mpira, akashika bisibisi. Yeye akazungusha skrubu, mkewe akaamuru: ongeza, umepitiliza, rudi, hapo hapo. Injini ikatulia mpaka Rune akainama kuhakikisha haijazimika. Evert akaisimamisha sarafu, akaondoa vidole.

Haikutikisika.

"Shemeji," Rune akalalamika, "ungevumilia mpaka jioni tu, gari lingekuwa langu."

"Anasema nini?" Evert akauliza.

"Anasema Jumatatu uende mjini Ljusdal ukapimwe masikio."

Evert akamgeukia jirani yake. Rune, aliyemjua Gun-Britt tangu darasa la kwanza, akaitikia haraka kwa kichwa.

"Nitakwenda," Evert akasema, akifunga boneti. "Lakini naendesha mwenyewe, na wewe unakaa mbele unisikilizie."